Vema Yenye Mkia

Mwezi uliopita tulikuwa Dar es Salaam, kwenye kibaraza cha rafiki yetu, waandishi vijana wachache na miswada yetu mapajani. Tulikuwa tumemaliza kusomeana, chai imepoa, na mazungumzo yakateleza hadi kwenye uchaguzi. Mshairi mmoja, mtu ninayempenda kwa jinsi anavyoweza kuikamata mvua ndani ya mstari mmoja, alijinyoosha kitini akasema, "Jamani, tuache kudanganyana. Ukitaka kujua nani katika nchi hii hana akili, muulize anapigia chama gani."

Tulicheka. Na mimi nilicheka, halafu uso ukaniwaka moto.

"Mbona mwenzetu umenyamaza?" akaniuliza. "Usiniambie wewe ni wa kule."

"Sio wa kule," nikasema, nikainuka kama mtu aliyekumbuka kiu. Nilisimama jikoni kwa watu, glasi tupu mkononi, nikasikiliza kicheko chao kikiendelea. Sentensi ile sikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Niliisikia kwanza kwetu, migombani, ikisemwa kwa Kichagga na kisha kurudiwa kwa Kiswahili ili hata wageni waielewe, na aliyeisema alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye miteremko ya mlima, upande wa Kilema, mahali ambapo asubuhi ukisimama kwenye kahawa unauona mji wa Moshi chini kabisa, umelala ndani ya ukungu kama yai ndani ya pamba. Alikifundisha kijiji kizima, mtu na kisha mtoto wa mtu. Hapakuwa na nyumba ambayo haikuwa na daftari kuukuu lenye wino wake mwekundu. Na vema yake kila mtu aliijua. Ilianza fupi, ikashuka kidogo, kisha ikapanda na kuendelea kupanda, ikavuka pambizo, na mwishoni ikapinda kama mkia wa ng'ombe anayefukuza inzi. Ukiipata vema ile ulikimbia nayo nyumbani. Alama yake ya kosa ilikuwa mistari miwili mifupi iliyokatana, imekandamizwa hadi ukurasa wa pili.

Vyama vingi vilipokuja baba aliirudisha kadi ya chama cha zamani mbele ya watu, siku ya soko, akaisindikiza kwa hotuba. Nusu ya kijiji ilimfuata. Alikuwa anasoma magazeti yote yaliyofika Moshi, hata yale ya wiki iliyopita yaliyofungiwa nyama, na alijua kwa nini kahawa yetu imeshuka bei na nani anafaidika nayo. Jioni, kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, alikaa na kata yake ya kunywea mkononi akisema, "Niambie chama chako, nitakuambia umeishia darasa la ngapi." Watu walipiga makofi mapajani. Sisi watu wa mlimani tunajisifu kwa shule kama wengine wanavyojisifu kwa ng'ombe, na baba alikuwa ametupa njia mpya ya kujisifu.

Mama hakurudisha kadi yake. Ilikaa ndani ya bati la biskuti pamoja na rozari iliyokatika na vyeti vyetu vya ubatizo. Baba alipomtania mbele ya wageni, "Na huyu mwenzangu je, ameishia la ngapi?" mama alijibu bila kuinua kichwa, "La nne, Mwalimu. Unajua." Wageni walicheka kwa sababu alikuwa amejibu vizuri. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilikuwa nasubiri majibu, na kila aliposema "la nne" nilitamani aseme kitu kingine chochote. Niliona haya kwa ajili yake. Niliona haya jinsi alivyofunga khanga ya chama kiunoni akienda kukata majani ya ng'ombe, mchana kweupe, mbele ya rafiki zangu.

Sababu yake niliijua. Zamani, baba alipopangiwa kufundisha kusini na mama akabaki peke yake na watoto wadogo, shemeji yake aliingia kihambani, shamba letu la nyumbani, usiku akang'oa masale ya mpaka, yale majani marefu tunayopanda kutenganisha shamba na shamba, akayapanda upya hatua kadhaa ndani ya ardhi yetu. Ukoo ulinyamaza. Aliyekuja ni balozi wa nyumba kumi, mzee wa chama, amevaa koti lake la mvua. Aliyang'oa yale masale kwa mikono yake, akayarudisha yalipokuwa, shemeji akiwa amesimama anatazama. Balozi yule alikwishakufa zamani. Mama alikuwa bado anampigia kura.

"Hiyo si siasa," baba alimwambia mara moja. "Hiyo ni shukrani. Kura ni ya mtu anayefikiri."

"Basi mimi nashukuru," mama akasema. "Wewe fikiri."

Wiki ya uchaguzi baba aliamua kuwafundisha watu kupiga kura. Waliwahi kupiga kura enzi za chama kimoja, kura za ndiyo na hapana, lakini karatasi yenye wagombea wawili wa vyama viwili hawakuwahi kuiona. Nitasema ya diwani tu, maana hiyo ndiyo iliyotuumiza. Mgombea wa chama kipya alikuwa mwanafunzi wa zamani wa baba, na ushindani ulikuwa mkali hadi majirani waliacha kuazimana majembe. Alasiri moja uani kwetu palijaa watu. Baba aligeuza kalenda kuukuu, akachora nyuma yake kwa mkaa visanduku viwili, kimoja cha chama kipya, kingine cha chama cha zamani, akaitundika kwenye ukuta wa banda la ng'ombe.

"Ndugu zangu, hili ni jambo dogo sana. Palipo sahihi tunatia nini?"

"Vema!" wakaitika, watu wazima wenye mvi.

"Na palipo makosa?"

"Kosa!"

"Sasa huyu wetu, ni sahihi au si sahihi?"

"Sahihi!"

"Na hawa waliotufikisha hapa?"

"Makosa!"

Akachora vema upande mmoja, mkia ukatoka nje ya kalenda hadi kwenye ubao wa banda. Akachora kosa upande wa pili, kwa nguvu, mkaa ukakatika. Watu walishangilia. Mzee mmoja jirani yetu alisema, "Aika, mbe, leo na mimi nimefaulu," yaani asante, na uani kukawa kama siku ya kufunga shule. Nilisimama karibu na baba nimemshikia mkaa wa akiba. Nilijiona nimesimama upande wa mwanga.

Siku ya kupiga kura kituo kilikuwa darasa la baba mwenyewe. Ukutani palibandikwa tangazo lenye maelezo na mchoro. Tulipita mbele yake kwenye foleni, tukaligeuzia mgongo, tukazungumza. Karani aliyegawa karatasi alikuwa kijana aliyefundishwa na baba, na alimweleza kila mtu kwa sauti ya chini, maneno yale yale, kama padre anayetoa komunyo. Baba alipofika yule kijana alisimama kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, sasa unaweka alama ya—"

"Mimi ndiye niliyekufundisha alama," baba akasema.

Foleni nzima ilicheka, karani akacheka pia, akampa karatasi. Nilikuwa nyuma yake. Karani aliponigeukia nilitabasamu tabasamu la baba, nikachukua karatasi yangu bila kusubiri. Kwenye kibanda cha maboksi nilitia vema palipo sahihi na kosa palipo makosa. Nakumbuka nilivyokaza mkono ili mistari ya kosa ionekane. Ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani.

Mama hakuwa nasi kwenye foleni. Alikuwa wakala wa chama chake, ameketi ndani tangu asubuhi kwenye dawati la watoto, magoti juu, pamoja na mawakala wa vyama vingine, akisubiri kura zihesabiwe. Baba alipopita hakumtazama. Mimi nilimtazama, akanipungia vidole viwili vitatu kutoka juu ya dawati, nami nikageuza macho.

Mama alirudi nyumbani jua likizama. Mimi nilikuwa nimepika mtori wa ndizi. Aliupakua bila kuvua kandambili, akampa baba bakuli lake, akaketi kwenye kigoda.

"Enhe," baba akasema. "Diwani?"

"Wetu ameshinda hapa kituoni. Kwa chache. Kata nzima wanasema itakuwa hivyo hivyo."

Baba alishusha kijiko. Akauliza, "Zilizoharibika?"

"Nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Zingetosha kumpitisha wenu."

Baba akacheka kwa uchungu. "Nilijua. Nilijua! Watu wanaingia mle hawajui hata karatasi inashikwaje. Ujinga ndio unaotutawala, mwanangu," akaniambia mimi, "sio chama. Ujinga."

Mama alichota mtori kutoka kwenye chungu akamwongezea, ingawa bakuli lake lilikuwa bado limejaa. Ukamwagikia mezani. Hakuupangusa. Nilimshangaa, maana mama hakuwa mtu wa kumwaga chakula, lakini sikuuliza. Nilidhani anaona haya kwa ajili ya watu wake.

Asubuhi nilipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Njia inapita nyuma ya kilabu cha mbege, na kabla ya kufika nilisikia kicheko cha watu waliokwisha kucheka sana na wanaomba wasimuliwe tena hadithi kutoka mwanzo. Mwenye hadithi alikuwa wakala wa chama kipya, kijana aliyesoma darasa moja na kaka yangu.

"Msimamizi anainua, anasema, imeharibika, ina alama mbili. Tunakubali. Anainua nyingine, imeharibika. Nyingine! Vema huku, kosa huku. Zote safi, zote zimenyooka, kama daftari la mwenye bidii. Basi ikaja ile. Mama yangu! Ina mkia!"

"Acha!"

"Mkia umetoka kwenye kisanduku, umepita kwenye picha ya mgombea, umemfikia sikioni. Kalamu ya kituo ni ya bluu, lakini naapa mimi niliiona nyekundu. Nilikaa wima. Nilidhani nachapwa."

"Na mke wake alikuwemo?"

"Si alikaa pale karibu yangu! Msimamizi anamuuliza, mama, una pingamizi? Akasema sina. Akaanza kufunga khanga ambayo haikuwa imefunguka."

Hapo mmoja akaniona. Kicheko kilikatika, kisha mzee mmoja akasema, kwa upole kuliko wengine, "Mwacheni asikie. Naye ni mtoto wa shule." Sijui kama alinikusudia tusi. Niliendelea kutembea na ndoo yangu ya maziwa, na nilikuwa nimefika karibu na kanisa ndipo nilipokumbuka kwamba kati ya zile zilizonyooka, zile safi za mwenye bidii, moja ilikuwa yangu.

Baba aliambiwa jioni ile ile. Hakuna aliyemtukana. Mwanafunzi wake wa zamani, mtu mwenye wajukuu, alimpokea mlangoni pa kilabu kwa kuuliza, "Mwalimu, mimi umenipa ngapi?" na wengine wakashindwa kujizuia. Alirudi nyumbani mapema, gazeti bado limekunjwa chini ya kwapa. Mama alikuwa jikoni, mimi nachambua maharage nje ya mlango.

"Uliiona?" baba akamuuliza.

"Niliiona."

"Ulijuaje ni yangu?"

Mama alifunika chungu. "Mkia," akasema.

"Na jana nikala mtori ulionipakulia nikizungumza vile, ukanyamaza."

"Ningesema nini, Mwalimu?"

"Ungesema."

"Mbele ya mtoto?"

Basi nilielewa kwamba alikuwa amemwongezea baba mtori ili mdomo wake upate kazi nyingine. Baba alitoka nje. Alinipita kama hakuniona, akachukua panga, akaenda mpakani kupunguza masale, yale yale ya balozi. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani la isale, akamletea, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Nilisimama na ungo mkononi nikimwangalia akifyeka mstari mzima. Nilikuwa na hakika atarudi na jani. Niliomba arudi nalo. Majani yalianguka chini rundo zima, na baba alirudi na panga peke yake, akanawa mikono, akawasha redio.

Ningeweza kuishia hapa, na najua wenzangu wa Dar wangeipenda hadithi hii ikiishia hapa, wasomi wamekwama na mama wa darasa la nne ameketi kwenye dawati anatazama. Lakini sivyo ilivyokuwa. Mama hakuwa anajua kuhusu alama moja zaidi ya baba. Alimsikiliza karani tu, maana tangu utotoni alizoea kuelezwa. Bibi mmoja wa chama chake alisikiliza pia kwa makini kabisa, akapaka wino wa kidole kwenye karatasi yote. Diwani aliyeshinda hakutuletea bomba la maji. Na mambo aliyoyasema baba kuhusu kahawa yalikuwa kweli, neno kwa neno, na yalizidi kuwa kweli hadi watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Alikuwa anajua zaidi ya wote pale kilabuni. Sidhani hata leo kwamba chama chake kilikuwa kibaya. Lakini mimi niliyekipigia kura sikuwa nimesoma ukurasa hata mmoja wa ilani yake. Nilikichagua kwa sababu ndicho kilichokuwa chama cha watu wenye akili, nami nilitaka kuhesabiwa miongoni mwao. Mama alikipigia kura kivuli cha mzee aliyemrudishia mpaka. Nikizipima sababu hizi mbili, yangu ndiyo inayonifanya niinamishe kichwa.

Jina la utani alilopachikwa halikumtoka baba. Watoto wadogo ambao hakuwahi kuwafundisha walimwita Vema na Kosa, kwa siri, wakikimbia. Aliacha kwenda kilabuni. Mbege aliletewa nyumbani. Magazeti aliendelea kusoma, lakini alisoma kimya, na ile sentensi ya darasa la ngapi hakuisema tena. Kuna siku mgeni kutoka Moshi mjini aliisema mezani kwetu, akidhani ameleta jambo jipya, na mimi na mama tulianza kukusanya vyombo wakati mmoja, sahani zikagongana.

Uchaguzi uliofuata nilikuwa nimeshaanza kuandika na nilipanda mlimani makusudi kupiga kura nyumbani. Safari hii mama hakuwa wakala, magoti yalikuwa yanamsumbua. Tulishuka pamoja hadi shuleni, baba mbele, mimi na mama nyuma. Tulipofika kwenye tangazo la ukutani baba alisimama. Alivaa miwani, akalisoma lote, kidole kikifuata mistari, foleni ikimpita pembeni. Nilitamani acheke, au aseme neno, au mtu mwingine aanze kuzungumzia mvua.

Karani alikuwa yule yule, ameanza kupata kitambi. Alipomwona baba alishtuka, akainamia karatasi zake, akachana moja haraka haraka.

"Shikamoo, Mwalimu. Chukua tu, Mwalimu. Wewe unajua."

Baba hakunyoosha mkono. Aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama alivyotutaka sisi tusimame tulipoitwa mbele ya darasa.

"Nieleze," akasema.

Karani alituangalia, mimi na mama, kama anaomba msaada. Mama alikuwa anazifunga upya ncha za khanga yake. Basi akaanza, kwa sauti ya chini, maneno yale yale, alama moja, kisanduku kimoja, usikunje hivi, kunja hivi, na baba aliitikia kwa kichwa kila sentensi mpaka mwisho. Kisha akapokea karatasi na kwenda kibandani, akakaa huko muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile.

Zamu yangu ilipofika karani alinitazama tu.

"Na mimi," nikamwambia. "Nieleze na mimi."